Jibu Ambalo Halikuwemo

Kapteni Lieu alipofika kwenye mlango wa maji, lango la zege linalopitisha maji ya mto kwenda mashambani, maiti ilikuwa imeshafunikwa mkeka. Mvua ya rasharasha ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na mto ulikuwa umepanda hadi karibu na mdomo wa tuta. Wakulima wawili waliokuja kupunguza maji kwenye mashamba yao ya mpunga ndio waliomwona msichana yule amenasa kwenye nondo za mlango. Sasa walikuwa wamechutama chini ya karatasi ya plastiki, wanavuta sigara.

Sajini Dac alimjia kapteni wake na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.

"Mwanafunzi, afande. Anaitwa Khue, wa sekondari ya mjini. Jana wamefanya fizikia. Walipotoka wakalinganisha majibu hapo nje ya geti, ya kwake yakawa hayafanani na ya wenzake. Basi, ndiyo hivyo. Haupiti mwaka bila kumtoa mmoja majini."

"Nani kakwambia hayakufanana?"

"Watu."

"Watu gani?"

Dac alijikuna shingo. "Watu tu, afande. Mji mzima unasema."

Lieu alipiga goti kwenye tope akainua ncha ya mkeka. Msichana alikuwa bado na sare, shati jeupe na beji ya shule. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha lililooshwa na maji mpaka likawa jeupe.

"Kajigonga kwenye zege alipojirusha," Dac alisema.

"Huenda. Tumwachie Daktari Oanh." Lieu alisimama, akatazama tuta kulia na kushoto. Hapakuwa na nyumba wala kibanda, ila majani na matope. "Kutoka mjini mpaka hapa mtu haji kwa miguu. Huyu alikujaje?"

"Watoto wote siku hizi wana baiskeli za umeme."

"Haya, iko wapi?"

Dac naye akatazama kulia na kushoto. "Labda imeibwa."

"Labda. Itafutwe. Na huo umbea wa mji mzima usiuandike popote kwanza."

*

Mama yake Khue, Bi Nhai, alikuwa fundi cherehani. Walimkuta kwenye ukumbi wa hospitali, vipande vya nyuzi vimemng'ang'ania kwenye suruali. Hakuwa analia. Alikuwa anamkamata kila anayepita na kumuuliza swali lile lile, na Lieu naye akaulizwa.

"Afande, ni kweli mwanangu kajiua kwa sababu ya mtihani?"

"Bado sijui, mama. Nisaidie kujua. Jana aliongea na wewe?"

"Alinipigia baada ya mtihani. Akaniambia, mama, nimefanya vizuri, ila nitachelewa kidogo, kuna mahali napitia."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Bi Nhai alifikiri. "Alikuwa amekasirika. Hakuwa na huzuni, afande. Khue akihuzunika hunyamaza. Jana alikuwa anaongea haraka haraka, kama mtu anayekwenda kugombana."

"Hakutaja mahali?"

"Nilikuwa nampima mteja kiuno, nina pini mdomoni. Sikumuuliza." Alimshika Lieu mkono. "Majirani wanasema nilimbana sana. Mimi sijawahi kumgombeza huyu mtoto kwa ajili ya maksi. Muulize yeyote."

*

Thoa, rafiki wa Khue, aliombwa aje pale pale walipokuwa wamekaa jana: kibanda cha juisi ya miwa mkabala na geti la shule. Alikaa kwenye kiti kifupi cha plastiki, macho yamevimba. Mwenye kibanda alizima mashine yake ya kukamulia ili wasikilizane.

"Mlikuwa nani na nani?" Lieu aliuliza.

"Mimi, Khue na Bach. Tunasoma darasa moja."

"Nisimulie mlivyoongea. Usinipangie. Sema kama ilivyokuwa."

Thoa alijifuta pua. Kwa maelezo yake mambo yalikwenda hivi. Karatasi zao hazikuwa na mpangilio mmoja. Maswali ni yale yale mkoa mzima, lakini yamechanganywa ili watoto wasiangaliziane. Kwa hiyo wakilinganisha hawataji herufi, wanataja jibu lenyewe. Khue ndiye aliyekuwa akiuliza.

"La transfoma?"

"Volti mia na kumi," Thoa na Bach walijibu pamoja.

"Haya. La springi?"

"Kumi," alisema Thoa.

"Hata mimi kumi," alisema Khue.

Bach alikuwa anabangua mbegu za alizeti. "Ishirini," akasema.

Thoa alimcheka mpaka juisi ikampalia. "Ishirini umeitoa wapi wewe, kwa bibi yako? Hukusikia msimamizi anasahihisha? Ile arobaini kwenye swali ilikosewa, tukaambiwa tusome kumi! Ulikuwa umelala?"

"Nilisahau."

"Utasahau hata jina lako, kaka. Alama nzima hiyo imekwenda na maji!"

Khue hakucheka. Alimtazama Bach, akasema taratibu, "Bach, ishirini haimo."

"Haimo wapi?"

"Haimo."

Hapo Bach alisema kichwa kinamuuma, akainuka. Khue akamfuata. Walisimama kwenye ukuta wa shule, Khue anasema, Bach anatazama chini. Kisha Bach akaupiga ukuta ngumi, akaondoka.

"Khue akarudi?" Lieu aliuliza.

"Alirudi kuchukua mkoba. Nikamuuliza, vipi nyie? Akasema, kuna mtu mzima mmoja lazima alijue hili. Nikadhani ni mambo yao."

"Mambo gani?"

Thoa aliinamisha kichwa. "Bach alikuwa anampenda. Yeye hakutaka. Darasa zima linajua."

Walipofika kwenye gari, Dac alikuwa ameshachangamka. "Mapenzi, afande! Kijana kakataliwa, kapiga ukuta, hakuridhika. Kamfuata mpaka kwenye tuta. Nikamlete?"

"Kamlete," alisema Lieu. "Lakini usimguse, usimtishe. Mpe chai akae."

*

Bach aliletwa, kiganja chake cha kulia kimefungwa bendeji. Alikuwa mrefu, mwembamba, na viatu vyake vilikuwa vikavu na safi. Bibi yake alikuja naye, akaapa mbele ya zamu nzima kwamba mjukuu wake aliingia ndani jana mchana na hakutoka, hata chakula alikikataa. Jirani aliyekuwa akitazama mpira dirishani kwao akasema hivyo hivyo.

"Mkono umefanya nini?" Lieu alimuuliza.

"Nimepiga ukuta."

"Kwa nini?"

"Hasira."

"Ulimfuata Khue?"

"Sikumfuata. Naapa, afande, sikumfuata."

Lieu alimwacha na chai yake, akaenda shuleni peke yake.

Mwalimu mkuu, Bi Hanh, alikuwa mwanamke mwenye mvi aliyeonekana hakulala. Alitoa karatasi ya mtihani, akaigeuza ili Lieu aione.

"Hili ndilo swali la springi. Ugumu wa springi umechapwa arobaini, ilitakiwa kumi. Ofisi ya mitihani ilipiga simu kabla hatujaanza, tukatangaza kila chumba."

"Mtoto ambaye hakusikia tangazo, akafanya hesabu kwa arobaini, angepata ngapi?"

Bi Hanh alipiga hesabu kwa kidole juu ya meza. "Ishirini."

"Nionyeshe ishirini kwenye majibu ya kuchagua."

Mwalimu mkuu alisogeza miwani. "Tano. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na tano." Akayarudia kwa kidole. "Haimo. Ndiyo maana kosa lenyewe liligundulika. Aliyelipitia mara ya mwisho aliona jibu halipo."

"Kwa hiyo asiyesikia tangazo angefanyaje?"

"Angenyoosha mkono kulalamika. Au angebahatisha mojawapo ya hayo manne. Lakini hawezi kutoka nje akasema jibu langu ni ishirini. Hakuna mahali angeitia ishirini."

"Isipokuwa kama swali hili aliliona mahali pengine, kabla halijabadilishwa."

Bi Hanh alivua miwani. "Maswali hutungwa na walimu mbalimbali, kisha hupelekwa mkoani kuchambuliwa. Mtunzi wa swali hili lazima aliandika arobaini, na ishirini ikiwa kati ya majibu. Wahariri wakapunguza namba, wakabadilisha majibu yote, halafu kwenye swali lenyewe wakasahau kufuta arobaini. Inatokea."

"Aliyelitunga hajui kwamba limebadilishwa?"

"Akishatuma halioni tena. Wala hajui kama limepita au limetupwa."

"Ni nani?"

"Hilo hata mimi siambiwi, Kapteni. Ni siri."

"Basi kuna mtoto anayejua," alisema Lieu, akainuka.

*

Chai ya Bach ilikuwa imepoa bila kuguswa. Lieu alimwambia bibi akapumzike nje, akavuta kiti akakaa karibu na kijana, si ng'ambo ya meza.

"Bach, kwenye chumba cha mtihani uliitafuta ishirini hukuiona. Ukafanyaje?"

Kijana alifumba macho.

"Nilibahatisha," alisema mwishowe. "Kumi na tano. Halafu pale kibandani ulimi ukaniponyoka. Nilikuwa nimekariri kwa wiki mbili, afande. Ishirini, ishirini, ishirini. Imetoka yenyewe."

"Khue akajua."

"Khue anajua kila kitu. Pale ukutani akaniambia, umepata mtihani kabla, na wewe si wa kwanza wala wa mwisho, niambie nani kakupa. Nikakataa. Akaniambia, basi sitakutaja jina, lakini lazima niseme. Kuna watoto wamekesha mwaka mzima. Nikamuuliza utamwambia nani." Bach alianza kulia. "Akasema, nitamuuliza Mwalimu Tuong wa fizikia nifanyeje. Yeye ni mtu mwema, atanielekeza."

Dac, aliyekuwa mlangoni, alinyanyua uso.

"Na nani aliyekupa hayo maswali?" Lieu aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Mwalimu Tuong. Kwenye tuisheni yake. Si wote, watu wanne tu. Alisema ni mazoezi maalumu, tusimwonyeshe mtu."

"Kwa hiyo Khue aliposema anakwenda kwake, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwonya Khue?"

Kijana alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilipiga ukuta nikaondoka. Halafu… Halafu nikampigia mwalimu simu. Nikamwambia Khue anakuja kwako, amejua. Nilidhani atamsihi tu, afande! Nilidhani atamwomba anyamaze, Khue atamwonea huruma!"

Nje, bibi yake alisikika anamuuliza askari wa zamu kama mjukuu ataruhusiwa kula.

*

Mwalimu Tuong alikuwa anaishi peke yake. Mkewe alikuwa mji mkuu, anamwangalia mtoto wao aliyekuwa chuo. Aliwapokea kwa heshima zote, amevaa shati jeusi. Aliwakalisha sebuleni, palipokuwa na ubao mweupe na madawati ya tuisheni yamepangwa vizuri, akawamiminia chai.

"Nimempoteza mwanafunzi wangu bora," alisema. "Watoto hawa wanabeba mzigo mkubwa mno. Sote tuna lawama."

"Alikuwa bora, lakini wanasema alifeli," alisema Lieu.

"Wasichana huvunjika moyo haraka. Wakisikia jibu moja tofauti, basi."

"Jana alikuja hapa?"

"Hapana. Tuisheni imekwisha tangu wiki iliyopita. Hakuna mwanafunzi anayekuja tena."

Lieu alikunywa chai yake. Kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi aliona ua wa saruji na banda la bati, mahali wanafunzi walipozoea kuegesha. Chini ya bati palikuwa na pikipiki ya mwalimu, imeoshwa ikang'aa. Nyuma yake palikuwa na baiskeli ya umeme, waya wake umechomekwa ukutani, taa ndogo ya kijani inawaka.

"Ile ya nani?"

Mwalimu hakugeuka. "Ya mwanafunzi mmoja. Aliisahau."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mwisho ya tuisheni."

"Wiki nzima inachajiwa?"

Dac alikuwa ameshatoka nje. Aliinama nyuma ya baiskeli akasoma namba ya stika ya maegesho ya shule, akatoa simu, akauliza shuleni ni ya nani, akasikiliza. Kisha akamtazama kapteni wake kupitia mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Tuong aliweka kikombe mezani.

"Betri ilikuwa imemwishia," alisema. "Alipofika tu aliomba achomeke. Mimi nikasahau kabisa."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba mtihani umevuja. Aliniomba ushauri. Amekaa hapo ulipokaa wewe." Alizungumza akitazama madawati. "Nikamwambia amefanya vema kuja, twende kwa mwalimu mkuu. Panda pikipiki yangu."

"Kwa mwalimu mkuu hakupitiwi kwenye tuta."

"Nilitaka tuongee kwanza, mahali pasipo na watu. Pale kwenye mlango wa maji nikasimama nikamwambia ukweli, ni mimi niliyetunga maswali na kuyatoa. Nikamweleza shida zangu, mtoto chuoni, kila kitu. Nikapiga magoti, Kapteni. Mimi, mwalimu wake."

"Akasemaje?"

"Alilia. Hata kunitusi hakunitusi. Akasema, mwalimu, nitasema tu, sina la kufanya. Akaanza kutembea kurudi mjini. Nikamshika mkoba, akavuta. Nikavuta, naye akavuta." Alitazama viganja vyake. "Nikaachia. Akaenda kinyumenyume, kichwa kikapiga ukingo wa zege."

"Ukamwitia nani?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Ulijuaje?"

"Nilimwita jina. Nikamtikisa. Hakufumbua macho. Ningemwita nani, kwa mtu aliyekufa? Nikawaza, wataniona muuaji, na mimi sikuua. Ilikuwa ajali." Sasa alikuwa anaongea haraka. "Nikawaza, wakimkuta majini, siku ya mtihani…"

"Watasema amefeli."

"Ndiyo."

"Ukampigia nani simu kuanzisha hayo maneno?"

"Wazazi wawili watatu. Niliwaambia nina wasiwasi na Khue, ametoka kwenye mtihani amevunjika moyo." Kwa mara ya kwanza alimtazama Lieu usoni. "Lakini hakuumia, Kapteni. Naomba uandike hilo. Alikata roho pale pale, hakuhisi kitu."

Dac alimfunga pingu.

*

Simu ya Daktari Oanh iliingia wakiwa wameshafika kituoni, mwalimu anaandikiwa maelezo chumba cha pili. Lieu alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza swali moja, akauliza tena lile lile kwa maneno mengine, akakata.

"Kasemaje?" Dac aliuliza.

"Pigo la kichwa halikumuua. Lilimzimisha tu. Mapafu yake yana maji ya mto na tope. Alitupwa majini akiwa bado anapumua."

Dac alikaa kwenye ngazi. Yeye naye alikuwa na binti, kidato cha pili.

Lieu aliingia chumba cha pili, akamwambia mwalimu maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Mwalimu Tuong aliomba ayarudie. Akayarudia. Mwalimu aliuliza kama daktari anaweza kuwa amekosea. Lieu akasema hapana. Alipotoka na kufunga mlango, kalamu ya karani ilikuwa imesimama.

Bi Nhai alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Alikuja kuulizia lini atapewa mwili, maana ndugu wameshaanza kufika na hema la msiba limeshasimamishwa. Lieu alimweleza kila alichojua, kuanzia kibandani hadi kwenye tuta. Alimwambia kwamba Khue hakufeli, na kwamba wengine wote mtihani wao utarudiwa kwa sababu yake. Mama alisikiliza huku ameshikilia ukingo wa benchi. Alipoambiwa jina la mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina geni.

"Nilimshonea huyo mwalimu suruali," alisema. "Mwaka jana. Khue ndiye aliyempelekea."

Mvua ilikuwa imezidi, na askari mmoja alikuja kufunga madirisha.

"Afande," Bi Nhai alisema, "alipojigonga. Alikufa hapo hapo? Hakujua kitu?"

Dac, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama, alimtazama kapteni wake kwa macho ya kuomba.

Lieu alijua kwamba mahakamani yatasomwa yote, kwa sauti, mbele ya watu. Akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama, kaa vizuri kwanza."

"Nimeshakaa, afande," alisema Bi Nhai. "Sema."

Lieu akamwambia.